Mtoto wa Kwenye Kochi

Ukitaka kumchokoza Mama Mapazia, mwambie dirisha ni dirisha tu. Atavua miwani, atakutazama toka utosini mpaka kwenye kandambili, na utajuta kwa nini ulifungua mdomo. Kwake yeye dirisha ndilo linalokwambia nyumba ina watu wa namna gani. Kazi ya kushona mapazia aliianza akiwa msichana na bado anayo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, marobota ya vitambaa yamesimamishwa pembeni, na uzi umetapakaa sakafuni hata ukifagia kutwa nzima hauishi. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho. Mtaa mzima unamwita Mama Mapazia, na mumewe naye anamwita hivyohivyo, pale anapoita. Mume mwenyewe ni dereva wa malori mstaafu, mtu ambaye maneno yake ya siku nzima hayajai kiganja.

Ni mwanamke wa raha, Mama Mapazia. Kicheko chake kinavuka kuta mbili. Mteja akija na kitambaa kibaya atamwambia ni kibaya, atamchekesha, na bado atamshonea. Lakini moyoni alikuwa na jambo moja lililomkaa vibaya tangu utoto, na jambo hilo, msicheke, ni kwamba hakuwa na picha ya utotoni. Hata moja.

Najua mtasema, jamani, si picha tu? Haya, subirini. Kwao walizaliwa watatu. Wa kwanza Dada Mkubwa, mkunga mstaafu, ambaye amepokea nusu ya watoto wa mji kwa mikono yake na bado anaongea na kila mtu kama anamwambia asukume. Wa pili Kaka Spika, aliyekuwa karani wa bohari. Jina hilo alipewa kwa sababu kikao cha familia hakifunguliwi bila yeye, wala hakifungwi mpaka achoke yeye. Wa tatu ndiye Mama Mapazia, kitindamimba. Sasa, kulikuwa na albamu ya familia, jalada lake jekundu limebanduka pembe zote. Ndani yake mlikuwa na Dada Mkubwa, mtoto wa miaka miwili hivi, amevaa gauni la mikono ya puto, amekaa kwenye kochi kubwa, redio kubwa juu ya kabati nyuma yake. Ukigeuza ukurasa unamkuta Kaka Spika katika umri huohuo, kochi lilelile, redio ileile, kakunja uso. Ukigeuza tena unakuta harusi za watu.

Nyumba yenye watoto watatu na picha mbili, mwajua wenyewe itasemwa nini. Tangu anaanza kuelewa maneno aliambiwa na kaka na dada yake kwamba yeye aliokotwa jalalani. Kila mtoto wa mwisho ameambiwa hivyo, ni utani, hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Ila wenzake wakiambiwa hivyo wanakimbilia albamu kubishana. Yeye akikimbilia albamu inawaunga mkono wao.

Siku moja, akiwa darasa la pili hivi, aliingia uani huku analia, akamkuta mama yao anaanika nguo. Akamuuliza picha yangu iko wapi. Mama yao alikuwa mtu wa kubana maneno kuliko hata huyo dereva wa malori, na hakugeuka.

"Ipo," akasema.

"Ipo wapi?"

"Ipo mahali pazuri. Nipe kibanio."

Mtoto akampa kibanio, mazungumzo yakaisha. Hata mtoto anajua jibu la kunyamazishwa likoje. Alihitimisha peke yake kwamba picha haipo, wala haikuwahi kuwepo, na kwamba siku mama yake anawaosha uso wale wawili na kuwapandisha kwenye kochi, yeye zamu yake ilipofika mama alikuwa ameshachoka. Hakuuliza tena. Mama yao akafariki yeye akiwa bado hajaolewa, na swali likaenda kaburini na mwenye jibu.

Athari zake mtaziona kwa wanawe. Mama Mapazia amewapiga watoto wake picha wakila, wakilala, wakilia, wakiwa na surua. Kabati zima limejaa albamu. Mkubwa wao huwa anasema kwao hata mafua yalikuwa na mpiga picha wake.

Basi, mwaka juzi binti wa Kaka Spika alihamia nyumba mpya, akamwita shangazi yake apime madirisha ya sebule. Shangazi akaja na tepu yake shingoni, penseli sikioni, stuli mkononi, maana stuli ya mtu mwingine haipandi. Alipogeuka kuangalia ukuta wa mkabala na dirisha, ukuta ambao mapazia yataangaliana nao, aliona fremu tatu mpya za rangi moja. Ya kwanza imo picha ya Dada Mkubwa na gauni lake, imekuzwa ikawa kubwa kama sinia. Ya pili Kaka Spika. Ya tatu tupu.

Binti akaeleza kwa furaha kwamba ametaka kuweka utoto wa baba yake na ndugu zake, wote watatu kwa mpangilio. Akauliza kama shangazi yake anayo ya kwake mahali. Shangazi akacheka kile kicheko cha kuvuka kuta, akasema mwanangu, mimi niliokotwa, huko jalalani hapakuwa na kamera. Binti, kwa moyo mwema kabisa, akasema basi si neno, ataweka picha ya maua.

Maua! Ndugu wawili na ua. Mama Mapazia alipanda stuli yake akapima dirisha, akashuka, akaaga. Alipofika nyumbani na kutandika kitambaa mezani, mkasi ukiwa umeshafunguka, ndipo alipogundua kwamba upana ameuandika kuwa urefu na urefu kuwa upana. Katika maisha yake yote ya kazi hajawahi. Akaweka mkasi chini, akakaa, akajiambia ukweli: inaniuma. Nina wajukuu, na bado inaniuma.

Akamwomba yule binti amtumie zile picha kwenye simu, zilivyo kubwa. Kwa kweli hakuwahi kuzitazama vizuri. Nani anatazama vizuri sherehe ambayo hakualikwa? Sasa alizivuta kwa vidole, akazizungusha, akazichungulia kila pembe. Picha ya Kaka Spika: kochi, mkono wa kochi wa mbao, safi, unang'aa. Picha ya Dada Mkubwa: kochi lilelile, mkono uleule, na juu yake doa jeusi la mviringo. Akarudi kwa Kaka. Safi. Akarudi kwa Dada. Doa. Alama ya sigara.

Kochi haliungui likapona. Kama kwa Kaka mkono ni safi na kwa "Dada" umeungua, basi picha ya "Dada" imepigwa baadaye. Na kama imepigwa baada ya ile ya Kaka akiwa na miaka miwili, Dada Mkubwa wakati huo alikuwa msichana wa kutumwa dukani. Hawezi kuwa katoto ka gauni la puto. Katika nyumba ile mtoto aliyekuja baada ya Kaka Spika alikuwa mmoja tu.

Aliitisha kikao siku hiyohiyo. Walikutana kwa Dada Mkubwa, na Kaka Spika akafungua kwa hotuba kuhusu umuhimu wa kutunza historia, hotuba ambayo dada zake waliitumia kumalizia chai. Kisha Mama Mapazia akataja dai lake. Dada Mkubwa alishtuka kama amevuliwa kilemba. Akasema picha ile ni yeye, imekuwa yeye miaka yote, na gauni lile analikumbuka mpaka leo lilivyokuwa linawasha shingoni, kwenye mshono. Mama Mapazia hakubisha. Alimgeukia kaka yake, akamwomba kwa heshima awakumbushe ile habari ya Baba kuunguza kochi.

Hapo alimpata. Kaka Spika hadithi hiyo anaipenda kuliko chakula: Baba alivyokaa kwenye kochi anasikiliza taarifa ya habari kwenye redio yake kubwa, sigara mkononi, usingizi ukampitia, kochi likaungua, Mama akanuna wiki nzima, na Baba tangu siku hiyo asishike sigara tena. Mama Mapazia akauliza, kwa sauti ya upole, wewe Kaka ulikuwa mkubwa kiasi gani. Kaka akasema alikuwa mkubwa tu, anajua kuongea, ndiyo maana anakumbuka. Hapo ndipo Mama Mapazia alipoweka simu mezani na kuwaonyesha mkono wa kochi, safi na wenye doa, safi na wenye doa.

Kaka Spika akasafisha koo, akatamka kwamba ushahidi ni mzito. Dada Mkubwa alizitazama picha zote mbili. Mkunga aliyebishana na madaktari hashindwi na doa la sigara. Akasema haya, kama ni hivyo, twendeni kwa Mama Dirisha akaamue.

Mama Dirisha alikuwa jirani yao wakati wanaishi kwenye nyumba za kampuni, zile nyumba zilizojengwa kwa mstari mmoja, zote sare, ukuta kwa ukuta, mtoto unaweza kukosea mlango ukala chakula na kulala kabla hujagundua. Walihama pale Mama Mapazia akiwa na miaka mitatu. Wakubwa walimkumbuka Mama Dirisha kwa jina lake, wakiamini aliitwa hivyo kwa sababu ya kushinda dirishani anapeleleza mtaa. Baada ya hapo walikuwa wanaonana naye misibani tu, kwa mbali, pole na kwaheri. Sasa alikuwa mzee sana, anaishi na mwanawe mwenye karakana ya matairi.

Kabla ya siku ya safari Mama Mapazia alishaanza kusherehekea. Alimpigia yule binti, akamwagiza aihamishe ile picha kwenye fremu ya tatu. Aliionyesha simu kwa wateja. Pua ile, si pua yangu? Na masikio, si ya mjukuu wangu kabisa? Wateja wakasema ndiyo, maana nani atabishana na mtu aliyeshika mkasi. Usiku mumewe alionyeshwa pia. Akatazama, akasema, "Hm." Mama Mapazia akaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Mama Dirisha na mkwewe waliwapokea. Bibi alikuwa amekaa, miguu juu ya kigoda, macho makali. Shikamoo zikapokewa, habari za wagonjwa na waliotangulia zikapitiwa moja moja, na ilipofika zamu ya picha aliishika simu mbali kabisa na uso, kwa urefu wa mkono, akatabasamu.

"Kochi langu hili," akasema.

Wakadhani amekosea. Kaka Spika akamweleza taratibu kwamba ni kochi la Baba. Bibi akamtazama kwa huruma. Akasema kochi ni lake, redio yake, kabati lake, na pazia la nyuma amelifuma kingo kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba za mstari ule zote zilikuwa na vidirisha vya kupitisha mkate. Yake tu, ya mwisho pale kwenye kona, ndiyo iliyokuwa na dirisha kubwa. Mpiga picha alipokuwa akipita, kamera yake ilikuwa haina taa, inataka mwanga wa jua. Kwa hiyo mstari mzima ulikuwa unaleta watoto kwake, nyuso zimeoshwa zinang'aa mafuta, wanapandishwa kwenye kochi lile mmoja baada ya mwingine. Jina la Mama Dirisha lilitokea hapo. Hakuwahi kupeleleza mtu, alisema, ingawa alikuwa anaona mengi.

"Na Baba?" Kaka Spika akauliza. "Redio? Sigara?"

Sigara ilikuwa ya mume wake yeye, bibi akasema. Baba yao hata moshi wa jikoni ulikuwa unamtoa machozi. Redio walikuja kununua baadaye, huko walikohamia. Kaka Spika akakaa kimya. Nawaambia, akakaa kimya. Hadithi aliyoisimulia maisha yake yote, na alikuwa ameisoma kwenye picha ya sebule ya watu.

Bibi hakumngoja apone. Alimwita mwanawe kwa sauti iliyotikisa vikombe. Akaingia mtu wa mwili, kipara kinang'aa, sharubu nene, anafuta grisi mikononi kwa kitambaa. Mtaa unamwita Fundi Tairi. Mama yake akamnyooshea kidole.

"Mtoto wenu wa kwenye kochi ndiye huyu. Nilimkopea gauni la binamu yake. Enzi zile mtoto mdogo ni gauni tu, akojoe apite."

Dada Mkubwa aliutazama ule utoto wake wenye sharubu, akashindwa hata kufunga mdomo. Halafu, kwa sauti ndogo, akamuuliza kama gauni lile lilikuwa linawasha. Fundi Tairi akasema, samahani dada yangu, sikumbuki.

Mama Mapazia ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akashika mbavu. Kaka akacheka, mkwe akacheka, Fundi Tairi mwenyewe akacheka bila kuelewa vizuri. Na katikati ya kicheko hicho Mama Mapazia akaacha kucheka. Maana yule mtoto si Dada, sawa. Lakini pia si yeye. Pua ile aliyowaonyesha wateja ilikuwa ya Fundi Tairi. Albamu yote haina hata kivuli chake, na safari hii hapakuwa na pa kukata rufaa. Alijisikia mjinga, na alijisikia mtoto wa darasa la pili aliyeshika kibanio.

"Kwa hiyo mimi sina," akasema. Hakulisema kwa utani, na wote walisikia.

Mama Dirisha akamgeukia, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye yule wa mwisho? Yule mlizi, wa kulia kila saa?"

Mama Mapazia akasema ndiye. Bibi akamwambia mwanawe apande, afungue kabati la vioo, ashushe kile kilicho juu kabisa. Fundi Tairi akashusha kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi, akakiweka kwenye mapaja ya mama yake, na bibi akafungua fundo polepole. Ilikuwa albamu. Aligeuza kurasa akijua anakokwenda, akasimama, akamkabidhi.

Sasa, mtu mwingine angemtazama mtoto. Mama Mapazia, kazi ni kazi, macho yake yalikwenda kwenye pazia. Akakunja uso. Pazia lile halikuwa sawa. Kitambaa kizito kama kile, kilichotundikwa kwa pete, kinashuka wima mpaka chini, mkunjo kwa mkunjo. Hili upande mmoja limeshuka vizuri, na upande mwingine limetuna kuanzia juu mpaka chini, na pindo limenyanyuka. Kinachonyanyua pindo namna ile ni mwili wa mtu. Akaisogeza picha karibu. Chini ya pindo kulikuwa na vidole vya mguu, mtu yuko pekupeku. Kwenye ukingo wa pazia kulikuwa na mkono, umetoka mpaka kiwiko, umeshika nyuma ya gauni la mtoto. Na mtoto, yule mtoto kwenye kochi, ameinua kichwa kulitazama pazia, mdomo wazi, anacheka.

"Nani huyu?" akauliza, ingawa alishajua.

"Mama yako," Mama Dirisha akasema. "Ulikuwa hukai. Ukiwekwa unalia, ukishuka unanyamaza. Mpiga picha akaanza kufunga vyombo vyake. Na unamjua mama yako na kamera."

Walijua. Mama yao alikuwa anaiogopa kamera kama watu wengine wanavyoogopa sindano. Harusini alikuwa anajificha nyuma ya watu warefu, na akiona mtu ananyanyua kamera anakumbuka ameacha kitu jikoni. Alizikwa bila kuacha picha hata moja ya uso wake. Siku ile, bibi akasimulia, alivua viatu, akaingia nyuma ya pazia, akamshika mtoto gauni, akawa anamwimbia kwa kunong'ona. Mtoto akageuka kutafuta sauti, akacheka, na mpiga picha akabonyeza.

"Lakini kwa nini iko kwako?" Hilo aliuliza Dada Mkubwa, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Mama Dirisha akasema kwamba yeye na mama yao walijifungua wakati mmoja, na mama yao akaugua vibaya, maziwa yakakata. Kitindamimba akaletwa mlango wa pili. Alinyonya titi moja, Fundi Tairi jingine, mpaka mama yao aliposimama tena. Kisha ikaja siku ya kuhama. Picha zilikuwa moja moja, hakuna nakala. Mama yao akaja asubuhi na mizigo imeshapakiwa, akamwekea picha mkononi. Rafiki akikupa kitu kama hicho humpi asante tupu, kwa hiyo yeye naye akatoa ya mwanawe, na ndiyo hiyo iliyolala kwenye albamu yao miaka yote ikaitwa Dada Mkubwa.

"Aliniambia, huyu nusu yake ni wako," bibi akasema. "Nilikuja kumuuliza, mtoto hajaitaka picha yake? Akasema ameitaka. Akasema, nikimwambia iko kwako sitalala mpaka nije kuichukua, na nilichokitoa kwa moyo sirudi kukidai. Nimemwambia ipo mahali pazuri. Si uongo."

Mama Mapazia alilitazama lile kabati la vioo, rafu ya juu kabisa ambapo mkono wa mtoto haufiki, na kitambaa kile kilichofuliwa na kukunjwa sijui mara ngapi. Akalia. Alilia waziwazi, bila kujificha kwenye leso, na wala hakujisikia vibaya. Alilia kwa ajili ya kibanio. Mama yake alimjibu ukweli mtupu siku ile uani, na yeye kaenda kuishi maisha mazima akidhani amedanganywa.

Dada Mkubwa akamshika bega. Akavuta pumzi, akasema, "Basi sasa aliyeokotwa ni mimi." Maana ndivyo ilivyokuwa, yeye alikuwa ameshakua mpiga picha alipoanza kupita, na ndiye aliyebaki bila picha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kaka Spika alifungua mdomo aseme jambo kuhusu jalala, dada zake wakamtazama wote wawili kwa mpigo, akaufunga.

Bibi alitaka wachukue picha. Akasema yeye safari yake imekaribia, aende nayo wapi. Mama Mapazia akakataa. Kilichotolewa kwa moyo hakidaiwi, akasema, hayo si maneno yangu. Wakaipeleka picha dirishani, Fundi Tairi akaishika kwa ncha za vidole vyake vinene, kwa uangalifu mkubwa, na Mama Mapazia akaipiga kwa simu. Kisha albamu ikafungwa kwenye kitambaa chake, ikarudi juu.

Mapazia ya yule binti yalikamilika, safari hii urefu ukiwa urefu na upana ukiwa upana. Siku ya kuyatundika walikusanyika wote. Ukutani fremu tatu zimejaa. Kaka Spika yuko katikati, kakunja uso. Upande mmoja Fundi Tairi na gauni lake, maana Dada Mkubwa aligoma katakata asiondolewe: ameishi na mtoto yule kama nafsi yake, hawezi kumtupa leo kwa sababu ya sharubu, na isitoshe amenyonya pamoja na mdogo wake, kwa hiyo ni ndugu. Upande wa pili yuko mlizi anacheka. Fundi Tairi mwenyewe alikuja amevaa shati la kupiga pasi, akasimama mbele ya fremu yake kwa muda, akasema alikuwa kijana mzuri.

Wengine walipokwenda mezani, mume wa Mama Mapazia alibaki ukutani. Alikuwa hajaiona ile picha, alitaka kuiona ikiwa kubwa. Mkewe akamwonyesha kwa kidole: pindo lililonyanyuka, vidole vya mguu, mkono kwenye gauni. Alimwoa akiwa tayari hana mama. Katika ndoa yao yote mkwewe alikuwa jina tu, mtu wa kusimuliwa, bila hata picha ya kumwonyesha.

Dereva aliweka mikono nyuma. Akaisogelea fremu, akalitazama lile pazia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Mapazia akasubiri kidogo, kama kungekuwa na mtu wa kujibu. Kisha akaitikia yeye kwa niaba yake, marahaba mwanangu, akamshika mumewe mkono, wakaenda kula.